Kumbukumbu ya maabara: wanja umeshindwa, mboni imeonekana

Imekubali! Tunapima jicho la msomaji linatua wapi kwenye maandishi, na leo mshiriki mwenye wanja juu na chini, kope ndefu, amepita kalibresheni ya nukta tisa (anatazama nukta moja moja kwenye skrini ili kifaa kiyajue macho yake) bila hata nukta moja kurudiwa. Naandika sasa hivi kabla sijasahau nilichobadilisha.

Vifaa vya kufuatilia macho vilivyopo mezani ni viwili, vyote vya kuazima, kwa hiyo majina siyaweki. Kile kinachokaa chini ya skrini nakiita Bapa. Chenye kiegemeo cha kidevu nakiita Mnara. Suala la kasi tulishalimaliza. Bapa hupiga picha 60 kwa sekunde, moja kila milisekunde 17 hivi, na jicho la msomaji hurukia neno jingine kwa milisekunde 20 hadi 40. Unaambulia picha mbili hivi za mruko mzima. Ukitaka kujua tu jicho limetua wapi, zinatosha; ukitaka mruko wenyewe, sahau. Mnara hupiga 1000, hauna mjadala.

Kilichotusumbua ni wanja. Washiriki wetu wengi ni wasichana wa pwani, na wanja si kitu cha arusi tu. Kwa namna tulivyokuwa tukivitumia, vifaa vyote viwili vilitafuta mboni nyeusi: taa ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) imekaa mbali kidogo na lenzi, mwanga unaoingia jichoni haurudi kwenye kamera, mboni inabaki shimo jeusi. Watu hudhani macho yetu ya kahawia ndiyo tatizo. Kwa kamera ya kawaida ya kompyuta, kweli, mboni inamezwa na kahawia iliyokoza. Lakini melanini, rangi ya asili ya jicho, hainyonyi sana infraredi; irisi, ile duara ya rangi inayozunguka mboni, inatoka ya kijivu na mboni inajitenga safi kabisa.

Wanja wa masizi ndio unaonyonya. Mshiriki akisoma mistari ya chini, kope la juu linashuka, mstari wa wanja unagusa mboni, na programu inaona doa moja kubwa jeusi. Kitovu cha doa kinavutwa juu, na programu inadhani jicho limepanda. Kwenye data unamwona mtu anasoma mstari wa nne kwa utulivu, ghafla yuko wa tatu, kisha karudi. Hakwenda popote!

Sisi tunataka kujua jicho linatua kwenye kiambishi au kwenye mzizi wa vitenzi kama "hawakutusikiliza". Kwa ukubwa wa maandishi yetu, digrii moja ya pembe ni herufi tatu hivi. Kosa la nusu digrii, lile ambalo wauzaji huliandika kwa fahari, tayari ni herufi moja na nusu. Kwa wanja tulikuwa tunapotea neno zima.

Nilishusha kizingiti cha weusi, yaani kitu kiwe cheusi kiasi gani ndipo programu ikiite mboni: mboni ikapotea pamoja na wanja. Nilishusha kamera itazame kutoka chini: wenye kope ndefu wakanyooka, wenye miwani wakaharibika, lenzi zao zikajaa mwako wa taa. Nikaomba watu wafute. Dada mmoja akanitazama: "Kaka, huu nimepakwa na bibi. Haufutiki kwa kitambaa chako."

Dawa ilikuwa kwenye Bapa muda wote, imefichwa ndani ya menyu ambayo hakuna mwongozo unaoitaja: modi ya mboni angavu. Taa inawaka karibu kabisa na lenzi, mwanga unagonga retina, ukuta wa nyuma wa jicho, na kurudi njia ileile, mboni inawaka kama jicho la paka usiku. Wanja uwe mweusi utakavyo, programu sasa inatafuta nyeupe. Gharama yake ni kwamba mboni ikisinyaa kwa mwanga mkali, mng'ao unafifia. Skrini nimeifanya ya kijivu, na mapazia nimeyashusha. Jua nalo lina infraredi yake.

Basi kifaa cha bei ndogo kimeushinda Mnara kwa washiriki tulio nao. Sikulitegemea, na nimelifurahia kuliko inavyostahili.

Kuhusu programu, msimamo wangu haujabadilika: jaribio liandikwe kwa PsychoPy, programu huria ya kutengenezea majaribio, data ghafi itoke kwenye faili la maandishi tupu. Kampuni za vifaa hivi huweza kumezwa: Facebook iliinunua The Eye Tribe mwaka 2016, Apple ikainunua SMI mwaka 2017, na maabara zilizokuwa na vifaa vyao zikabaki na yatima.

Wiki hii ilikuwa ya kupima miwani. Imeahirishwa. Nimetoa kabatini kamera ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) isiyo na kichujio cha infraredi, nazungushia lenzi yake taa za LED za infraredi za nanomita 850 nione kama naweza kujitengenezea mboni angavu. Jicho haliioni infraredi, kwa hiyo halijikingi kwa kufumba. Mtu hakai mbele yake kabla sijapata pa kupimia nguvu ya taa. Kwa sasa mshiriki wangu ni kiduara cha utepe unaoakisi nilichokata kwenye fulana kuukuu ya bodaboda, nimekipaka wanja pembeni, na kamera inakiona vizuri sana.