Panki, LC na pepo asiyetoka

Wiki nzima hii nimeshinda na bendi ya X-Ray Spex masikioni, boda inakata foleni pale Wandegeya hapa Kampala na mi nasikiliza ile sauti ya mwimbaji wao Poly Styrene inayotoboa kama filimbi ya refa. Kama humjui, ni dada ambaye baba yake alikuwa Msomali na mama mzungu wa Uingereza, amekulia London, meno yamefungwa waya, anavaa maplastiki ya rangi kali, na 1976 akaanzisha hiyo bendi ya panki (punk, roki ya kasi na kelele) hata miaka ishirini hajafika. Anaimba kuhusu vitu vya dukani vinavyomla binadamu kichwa. Hajali kama sauti ni nzuri, anapiga kelele tu, na mi huwa nasisimka kila mara.

Najua huku kwetu ukitaja panki mtu anaona nywele za kusimama na pini za masikio, ati muziki wa wazungu waliokosa kazi. Lakini Uganda tumo ndani ya hiyo stori jamani. 1972 si Amin aliwapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka? Kama elfu 27 hivi wakaishia Uingereza, na huko nako hawakutakiwa, mpaka baraza la mji wa Leicester likalipia tangazo kwenye gazeti letu la Uganda Argus kuwaambia wasije. Chama cha kibaguzi cha National Front kikanenepa kwa chuki hiyo hiyo. Sasa 1976 mpiga gitaa maarufu Eric Clapton anasimama jukwaani Birmingham, amelewa, anasema wageni watolewe nchini, watu wakachoka wakaanzisha Rock Against Racism, yaani roki dhidi ya ubaguzi, na Aprili 1978 maelfu wakaandamana kwa miguu kutoka Trafalgar Square mpaka Victoria Park, na waliowapigia muziki huko ni The Clash, Steel Pulse na huyu huyu binti wa Msomali. Kwa hiyo mama aliyefunga duka lake Jinja analia na vijana waliokuwa wanarukaruka kwenye ile bustani, ugomvi wao ulikuwa mmoja. Shuleni hiki kipande hatukufundishwa, tuliishia Entebbe kwenye ile ndege iliyotekwa.

Ila kinachonikaa kichwani zaidi ni kilichofuata. Mwaka huo huo wa 1978 Poly Styrene akaanza kuona vitu, akalazwa, madaktari wakamwambia ana skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kuona na kusikia visivyopo, kumbe sio, miaka mingi baadaye ndo wakamwambia ni baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Bendi ikavunjika 1979. Halafu kuna Ian Curtis wa Joy Division kule Manchester, vijana walioingia kwenye muziki baada ya kuona panki. Huyo alikuwa na kifafa na depresheni, kifafa kinamshika jukwaani kabisa na watu wanashangilia wakidhani ndo staili yake ya kudansi. Mei 1980 akajitoa uhai, ana miaka 23, bendi ilikuwa inajiandaa kupanda ndege kwenda Marekani.

Ndo mana wale wanaosema panki ni tiba huwa siwaelewi vizuri. Tiba gani? Ule umati ulijua kupiga kelele juu ya polisi, ubaguzi, ukosefu wa kazi, mambo ya maana kabisa, ila mwenzao anadondoka mbele yao na wanapiga makofi. Dawa ni dawa. Panki inachofanya, kwa mtazamo wangu, inakuruhusu kusema mbele za watu kwamba hauko sawa bila kusubiri uwe na sauti tamu au uwe umeshapona, na kwa hapa Kampala hiyo tu ni kitu kikubwa sana manake hapa mtu haulizwi unalala, anaulizwa unasali wapi.

Sisi tunafanyia mazoezi kwenye kachumba nyuma ya duka la simenti, ukuta tumebandika trei za mayai kuzuia sauti (hazizuii kitu), gitaa ni la kuazima na mpiga dramu wetu Jumapili anapigia kanisani, anatuomba tusimposti asije akaonekana na mchungaji. Juzi tuko katikati ya wimbo, mwimbaji anapayuka "silali, silali, yaka imeisha na mi silali" (yaka ni umeme wa kulipia kabla), mlango ukagongwa, mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa wetu. Tukazima. Akachungulia pembe zote akauliza, "Vijana, huyo mnayemtoa pepo bado tu hajapona?" Tukacheka mpaka nikakaa chini. Mwimbaji akamjibu kwa heshima, "Mzee, mwenye pepo ni mimi, na sitoki leo." Mzee hakucheka. Akamuuliza kwani hulali kweli? Mwimbaji akasema kweli ssebo (bwana), tangu kazi iishe silali. Mzee akavuta jerikeni akakaa, wakaongea wao wawili sisi tunakunja waya.

Nikajiambia kumbe kelele imemleta mtu. Manake huyo jamaa yetu asingemfuata mwenyekiti ofisini kumwambia halali, hata mimi alikuwa hajaniambia, na tunakula roleksi (chapati ya mayai) pamoja kila siku! Huku ukitamka Butabika tu watu wanaangua kicheko, jina la hospitali ya wagonjwa wa akili limekuwa tusi. Ile sheria ya zamani ya wagonjwa wa akili tuliibadilisha 2018 lakini kwenye sheria za jinai kujaribu kujiua bado kumeandikwa ni kosa, yaani umeshindwa kuishi, umeshindwa kufa, na kesi juu. Nani atafungua mdomo hapo?

Mwenyekiti katuruhusu mpaka saa moja jioni, baada ya hapo tuwaachie watoto wasome. Mwimbaji ameshaandika ubeti mpya kuhusu kesi hiyo, mimi nataka tuongeze mwingine wa kupanga foleni asubuhi nzima na dirishani unaambiwa dawa zimeisha, tunabishana. Mpiga dramu hataki kusikia, anasema tukiuweka wimbo unafika dakika nne na panki ya dakika nne ni kwaya, na kwaya yeye tayari anayo.