Siku Moja Maishani Mwangu: Kuongoza Kundi la Maigizo ya Jamii Kisumu

Ninaongoza kundi la maigizo ya jamii katika mtaa wa Nyalenda, jijini Kisumu. Kazi hii ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba na karo ya watoto, ingawa wengi wanaotuona tukipiga ngoma kando ya barabara huamini kwamba sisi ni watu waliokosa ajira wakaamua kupitisha wakati. Kwa kuwa kila mara kuna kijana anayeniuliza jinsi ya kuingia katika kazi hii, na mzazi anayeniuliza kama kweli ni kazi, nimeamua kuieleza Alhamisi moja ya hivi karibuni, kuanzia alfajiri hadi usiku.

Saa kumi na moja alfajiri

Siku yangu huanzia mezani. Alhamisi hiyo nilikuwa na ombi la ufadhili ambalo lilipaswa kuwasilishwa kabla ya saa sita mchana, na sehemu iliyobaki ilikuwa bajeti. Msanii wa jamii asiyejua kuandika bajeti huishi kwa kuitwa na wengine, kwa bei waliyoipanga wao. Niliorodhesha posho za waigizaji, nauli, gharama ya kukodi spika na jenereta, maji ya kunywa na siku za mazoezi, kwa maana wafadhili wengi hulipia onyesho la saa moja na kusahau kwamba saa hiyo hutanguliwa na mazoezi ya juma zima. Kisha nikaambatisha cheti cha kundi, kwa kuwa makundi ya aina yetu husajiliwa chini ya sheria ya makundi ya kijamii ya mwaka 2022, pamoja na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, maelezo ya akaunti ya benki na ripoti za maonyesho yaliyopita. Ukikosa karatasi mojawapo kati ya hizo, kipaji chako hakitasomwa na yeyote.

Maombi ya namna hii yana uzito kwetu kuliko zamani. Kwa miaka mingi makundi ya maigizo katika eneo la Ziwa Victoria yaliishi kwa miradi ya afya, hasa ile ya kupambana na UKIMWI, na sehemu kubwa ya miradi hiyo ilitegemea fedha za Marekani. Serikali ya nchi hiyo iliposimamisha misaada ya nje mnamo Januari 2025, kazi tulizokuwa tumeahidiwa zilifutwa kwa barua pepe za mistari michache. Waigizaji hodari, ambao walikuwa wamejifunza ufundi kwa muda mrefu, waliingia katika bodaboda na mitumba, nami siwalaumu hata kidogo. Tuliobaki tulilazimika kupanua wigo: tunafundisha vilabu vya maigizo shuleni kabla ya tamasha la kitaifa la drama linalofanyika Aprili, tunaigiza vitabu teule vya fasihi kwa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na tunatumbuiza katika hafla za kaunti, harusi na mazishi. Kijana anayeniuliza nafasi za kazi hutangazwa wapi huwa namweleza ukweli kwamba ni chache mno zinazotangazwa. Mtu huajiriwa kwa sababu mwalimu mkuu, padri au mhamasishaji wa afya alimwona akifanya kazi vizuri mahali fulani na akalikumbuka jina lake.

Saa mbili asubuhi

Mazoezi hufanyika katika ukumbi tunaokodi, wenye mabati yanayopata joto mapema. Igizo la siku hiyo lilihusu chanjo ya malaria. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchini Kenya mnamo Septemba 2019, katika Kaunti ya Homa Bay, na kaunti za magharibi zenye malaria nyingi, Kisumu ikiwemo, ndizo zilizotangulia kuipokea. Mtoto anahitaji dozi nne. Tatu za kwanza huwa rahisi, kwa sababu mtoto angali mchanga na mama amezoea kwenda kliniki, lakini ya nne huja baada ya muda mrefu, mtoto akiwa anakimbia na kucheza, wakati ambapo mama amerudi sokoni na hakuna anayeuliza tena kuhusu kitabu cha kliniki. Igizo letu linahusu dozi hiyo ya nne.

Tunatumia namna ya uigizaji ambayo Mbrazili Augusto Boal aliisambaza kuanzia miaka ya 1970. Kisa huchezwa hadi kinapofika pagumu, kisha husimamishwa. Mwezeshaji huigeukia hadhira na kuuliza afanyeje huyu mama, na anayetoa wazo haachwi aseme tu, bali huitwa mbele avae leso ya mwigizaji na alijaribu wazo lake dhidi ya mume mkaidi na nyanya asiyeamini sindano. Kuwezesha ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayomtenganisha msanii wa jamii na mwigizaji wa kawaida. Unapaswa kujua nani katika umati anataka kusema lakini anamwogopa mumewe aliyesimama nyuma, na unapaswa kujizuia usitoe jibu hata ukiwa nalo.

Msichana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, ambaye amekuwa nasi tangu mwaka jana, ndiye niliyempangia kuwezesha siku hiyo kwa mara ya kwanza. Mamake alikuja ukumbini kunisalimu, akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtoto atakula nini katika mambo haya?" Nilimwonyesha daftari la malipo ya bintiye. Nilimweleza pia kwamba Chuo Kikuu cha Maseno hufundisha muziki na sanaa za maonyesho, na kwamba katika mtaala mpya Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ambayo wanafunzi wa shule za sekondari ya juu huchagua. Alilisoma daftari polepole, akaondoka bila kuniambia lolote.

Saa tano tulipakia ngoma, maleba na turubai katika tuktuk na kuelekea mtaa wa Manyatta.

Saa sita mchana, na muda wote uliofuata

Onyesho lilipangiwa saa sita na nusu, na saa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Wanawake wa pale huuza omena, mboga na chapati, na mchana huo ndio wakati ambao wateja wa asubuhi wamekwisha na wale wa jioni hawajaanza. Tumekuwa tukienda mahali hapo hapo, siku ile ile, saa ile ile, kwa sababu umati wa kuokota barabarani husikiliza dakika kumi na kutawanyika, ilhali umati unaorudi huanza kutuamini na kusema yaliyo moyoni. Mambo ya polisi nayo yalikuwa tayari. Sheria inataka polisi wapewe taarifa ya mkutano wa hadhara si chini ya siku tatu kabla, nami nilikuwa nimempelekea OCS, mkuu wa kituo cha polisi, barua mapema na nakala kwa chifu. Mzee wa mtaa alikwishawaomba wenye vibanda wapunguze redio. Wanawake walifika, wengi wakiwa na watoto mgongoni, wakaketi kwenye mawe na ndoo walizozigeuza.

Afisa wa shirika lililotukodi hakuwepo. Nilipompigia simu alisema yuko njiani, na akanikataza kuanza kabla hajafika kwa kuwa alihitaji picha za onyesho zima pamoja na bango lao, na bango lilikuwa garini mwake. Nilimweleza kwamba hadhira yetu ni ya wafanyabiashara na haiwezi kungoja. Akajibu, "Dada, piga ngoma kidogo, watakaa."

Tukapiga ngoma. Mpiga nyatiti wetu (nyatiti ni ala ya nyuzi ya Waluo), mzee anayeheshimika sana mtaani, aliimba hadi sauti ikakauka. Saa saba ilipita. Vijana wawili waliotoka Kakamega walicheza isikuti, ile ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, wakaicheza kwa nguvu zote juani bila kivuli, nami nikawa nawaonea uchungu kwa kuwa nguvu hizo walikuwa wameziweka kwa ajili ya igizo. Kuanzia hapo wanawake walianza kuondoka, mmoja mmoja, kila mmoja akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeiba mchana wake. Mama mmoja muuza samaki alinijia akasema kwa upole, "Mwalimu, sisi tulikuja kwa sababu yenu, si kwa sababu ya gari." Wingu lilikuwa likijikusanya upande wa ziwa, na mtu yeyote aliyekulia Kisumu anajua mvua ya alasiri inavyokuja huku.

Niliwaambia waigizaji waanze. Kundi lililowaheshimu wakaaji wa Manyatta kwa muda wote huo halikuwa na haki ya kuwadharau kwa ajili ya bango.

Igizo likaanza, na umati ukarudi kwa kasi iliyonipa moyo. Mume alikataa kutoa nauli ya kliniki, nyanya akasema mtoto mwenye afya hachomwi sindano, na yule msichana wetu akapiga makofi mara moja, waigizaji wakaganda. Aliuliza swali lake kwa Kiluo, kisha kwa Kiswahili, kisha akanyamaza. Kimya hicho huwatisha wawezeshaji wengi, nao hukijaza kwa maneno yao. Yeye alikivumilia. Mama mmoja kijana akainuka, akavaa leso, akamgeukia mume wa kuigiza na kumwambia kwamba yeye hahitaji ruhusa, anahitaji mtu wa kukaa kibandani asubuhi moja tu. Wanawake wakashangilia. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kizuizi halisi si imani wala nauli, bali ni kibanda kisicho na mtu wa kukilinda. Jirani yake akasema wanaweza kupeana zamu. Mhamasishaji wa afya aliyekuwapo akatoa daftari na kuanza kuandika majina ya watoto waliokosa dozi.

Ni wakati huo ambapo gari lilifika.

Afisa alishuka, akasimama katikati ya duara na kuomba igizo lirudiwe tangu mwanzo kwa ajili ya picha. Nilikataa kwa heshima. Akataka basi tuache majadiliano na tuwatangazie watu kwa spika waende kliniki, kwa kuwa, kwa maneno yake, ujumbe ndio uliolipiwa. Nilimweleza kwamba ujumbe huo watu wale wameusikia redioni mara nyingi na bado dozi ya nne haikwenda kuchukuliwa, na kwamba daftari la mhamasishaji lilikuwa likijaa mbele ya macho yake kwa sababu waliamua wenyewe. Akasema onyesho lisilo na picha kamili haliwezi kulipwa kikamilifu, na kwamba atatoa shilingi 500 kwa kila mwigizaji badala ya 1,000 tulizokubaliana. Aliongeza kuwa hawa ni vijana wa mtaani, watashukuru.

Sentensi hiyo iliniumiza kuliko jua la mchana mzima. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walijijengea jukwaa la wazi na kuigiza maisha yao wenyewe, na serikali ya wakati huo iliona jambo hilo kuwa zito kiasi cha kufuta kibali chao, kisha mwaka 1982 ikakibomoa kituo chao. Hakuna serikali inayobomoa mchezo wa kupitisha wakati. Nilimwonyesha mkataba wenye sahihi yake, wenye saa ya kuanza na kiasi cha posho, na nikamwambia kwamba waigizaji wangu walifika kazini kabla ya saa sita. Mabishano yaliendelea hadi matone ya kwanza ya mvua yalipoanza kuanguka, akaingia garini akisema tutazungumza.

Tulifunga vyombo chini ya mvua. Ngozi ya ngoma ikilowa huharibika, kwa hiyo turubai liliwekwa juu ya ngoma na sisi tukalowa. Waigizaji walikuwa na njaa, nikawanunulia chapati na madondo kwa pesa za nauli yangu, tukala tukiwa tumesimama kwenye baraza ya duka, na kwa muda hakuna aliyeongea. Kisha mpiga nyatiti akamwambia yule msichana kwamba kile kimya chake kilikuwa kizuri.

Sikumbuki vizuri nilifika nyumbani saa ngapi. Watoto walikuwa wamekwisha kula. Niliandika ripoti kabla usingizi haujanishinda: hadhira ilikuwa ya nani, swali lipi lililowasha mjadala, wazo la zamu za kibandani, na idadi ya watoto walioandikishwa kama ilivyo katika daftari la mhamasishaji. Nilimtumia yule msichana nakala ili aiweke katika faili lake, ikiwa na maelezo kwamba yeye ndiye aliyewezesha, kwa sababu siku atakapoomba kazi kwingine ataulizwa ushahidi. Nikamwambia pia kwamba wiki ijayo ataandika ripoti mwenyewe nami nitaisahihisha.

Mwisho nilitayarisha ankara ya shilingi zote tulizokubaliana, na nikamtumia afisa pamoja na rasimu ya mkataba wa onyesho lijalo. Katika rasimu hiyo niliongeza kifungu kinachosema kwamba igizo litaanza saa iliyotangazwa, awepo mwakilishi wa shirika au asiwepo. Nilipozima taa alikuwa bado hajajibu.