SHA ya mwaka mzima kwa mia ya kila wiki: hesabu ya chama chetu cha wauza samaki Kisumu

Ukiuliza habari za SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, hapa Kisumu, ushauri wa kwanza utakaopewa ni udanganye. "Sema unalala nyumba ya matope, unapikia kuni, choo huna, utapangiwa mia tatu." Mwenye boda atakuambia hivyo, mwalimu atakuambia hivyo, hata aliyedanganya na bado akapangiwa elfu moja kwa mwezi atakuambia hivyo. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama wanaouza omena na samaki wa kukaanga, wengine Kondele, wengine Nyalenda. Tuko karibu ishirini na kila mmoja amelipiwa mwaka mzima. Hakuna aliyeuza kikaango. Naandika kwa sababu nimechoka kusikia kwamba haiwezekani.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya zamani, haipo, iliyopo ni SHA. Zamani asiye na mshahara alilipa 500 kwa mwezi, mwenye duka la jumla na mwenye meza ya nyanya sawa. Sasa mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, isipungue 300, na juu hakuna kikomo, ilhali NHIF ilikuwa inasimama 1,700 kwa anayepata laki moja na zaidi. Sisi wa kibanda tunaulizwa maswali kuhusu maisha ya nyumbani, mfumo unakadiria mapato ya kaya, unachukua ile ile 2.75, na kiwango cha chini ni 300. Kwa hiyo mama wa mia tatu amepunguziwa mia mbili kila mwezi. Ila anatakiwa kulipa ya mwaka kwa mkupuo: 3,600. Kwa muuza omena huo ndio mtaji wenyewe. Ukiutoa leo, kesho asubuhi ufuoni utanunua nini?

Sababu ya kudai mwaka mzima si siri. Enzi za NHIF watu walilipa mimba ikifika miezi saba, mtoto akitoka hospitali hawaonekani tena.

Kabla ya kutoa hata shilingi, angalia kama kuna mwenye mshahara ndani ya nyumba. Tulishauriwa na mtu aliyejifanya mjuzi kwamba kila mwenye kitambulisho lazima alipe yake. Si kweli. Mume akikatwa kwenye mshahara, mke na watoto wanaingia chini yake. Wanachama wetu kadhaa hawakuhitaji kulipa kitu, kazi ilikuwa kuwaunganisha tu. Mke anajisajili kwa kitambulisho chake, kisha mume anamwongeza kama mwenzi. Watoto wanaingizwa kwa cheti cha kuzaliwa, na hapo shika miwani: cheti kina namba zaidi ya moja, ile ya kuandikishwa na ile ya karatasi yenyewe. Moja ikikataa jaribu nyingine kabla hujapanda matatu kwenda ofisi ya vyeti. Mama yako mzazi hawezi kuingia chini yako hata kama wewe ndiye unamlisha. Anajisajili na kupimwa kivyake.

Kuwa na mume mwenye payslip bado si kuwa na bima. Mwajiri anatakiwa kupeleka makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na wapo wanaokata bila kupeleka. Piga *147# uangalie hali ya uanachama, usiishie kutazama karatasi ya mshahara. Na mlinzi wa shule anayepata 20,000 anakatwa 550, wakati NHIF ilikuwa inamkata 750. Wa 50,000 ametoka 1,200 akaingia 1,375. Yule wa kwanza ndiye nimemsikia akilalamika zaidi, sijui kwa nini.

Sasa habari ya saiba, wale wa vibanda vya kompyuta na intaneti. Wengi wetu walisajiliwa kwa haraka kwenye vibanda vya saiba, kijana akibonyeza huku foleni inamngoja. Kijana wa kibanda kimoja aliona usumbufu kumwambia kila mama alete simu, asubiri namba ya siri, aisome bila miwani. Akaweka namba yake mwenyewe. Akina mama walioenda kwake wote, laini moja: ya kwake. Hakuna aliyejua mpaka mmoja wao alipofika hospitali na mtoto aliyevunjika mkono, karani akasema, "Mama, nisomee namba iliyoingia kwenye simu." Simu ya mama kimya. Karani akatuma tena. Kimya. Kumbe namba zote zinaingia kwa kijana, naye yuko uwanjani anatazama mpira, simu imo kwenye begi la rafiki. Mtoto amekaa benchi na mkono umefungwa kwa leso, sisi tunatafuta boda wa kwenda kumtoa mtu uwanjani. Alipopatikana alisoma ile namba kwa sauti kama anatangaza mshindi wa bahati nasibu. Ikawa imeisha muda. Akatumiwa nyingine.

Na si simu tu. Yale maswali ya kupima uwezo wa kaya aliyajibu mwenyewe kwa kukisia. Mama amevaa dera safi na ana simu kubwa, basi akabonyeza ukuta wa mawe, sakafu ya vigae, choo cha ndani. Kiasi kilichotoka kilimfanya mwenye dera acheke kwanza, halafu akae chini.

Dawa ya hilo ni kwenda na kitambulisho chenyewe, si nakala, Huduma Centre au ofisi ya SHA ya kaunti, ubadilishiwe namba ya simu na uombe kupimwa upya. Tulienda kwa mafungu. Siku hizi hospitali zinategemea alama za vidole kuliko namba za simu, nayo ina kisa chake kwa watu wa kazi yetu: mtu anayepara magamba ya samaki kila siku vidole vyake vimelika, mashine inamkataa. Osha mikono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha kabisa, paka mafuta kidogo sana ufute, halafu jaribu kidole cha pete. Kidole gumba na cha shahada ndivyo vinavyoshika kisu, ndivyo vilivyokwisha.

Katika maswali yenyewe tuligundua linalowachanganya watu wa huku kwetu. Mtu amepanga chumba kimoja cha mabati Nyalenda, lakini "nyumbani" kwake ni kijijini Seme, na Seme kuna nyumba ya matofali iliyojengwa na shemeji. Akiulizwa nyumba yako ina paa gani na sakafu gani, heshima inamtuma ataje ile ya Seme. Chumba cha Nyalenda kwake si nyumba, ni mahali pa kulala. Basi anapimwa kwa vigae vya shemeji! Jibu kwa pale unapolala na kula na wanaokula chungu kimoja nawe: ukuta, paa, sakafu, choo, maji, unapikia nini, mko wangapi. Mmoja wetu alipojibu upya hivyo, kiasi chake kilishuka kwa zaidi ya nusu, na hakusema uongo hata kidogo. Wanaoshauri kudanganya wanasahau kwamba kutoa habari za uongo ni kosa kisheria. Wanasahau pia kwamba majibu yanapimwa kwa pamoja, ukibadilisha moja huwezi kujua hesabu itaangukia wapi.

Jaribio letu la kwanza la malipo lilikuwa baya. Tulikuwa na mzunguko wa kawaida, kila mmoja anatoa 300 kwa wiki na zamu inakuletea karibu elfu sita. Mwenyekiti akasema rahisi, zamu yako ikifika tunakata 3,600 ya SHA, unabaki na chenji. Kwenye karatasi ilipendeza. Mama wa kwanza alipopewa elfu mbili na ushee badala ya sita, na alikuwa ameshaahidi karo, kikao kiligeuka matanga. Wiki iliyofuata viti vingine vilibaki wazi. Pesa ya mzunguko mtu anaila akilini miezi kabla haijafika, usiiguse.

Tukaitenga SHA na mzunguko kabisa, na hapa ndipo ninapojivuna kidogo. Chukua kiasi ulichopangiwa kwa mwezi, gawanya kwa tatu, hicho ndicho unachotoa kila wiki. Wa 300 anatoa 100, wa 450 anatoa 150, wa 600 anatoa 200. Ukitoa hivyo wiki 36 mwaka wako umetimia. Mwaka una wiki 52, zinabaki kama 16, na hizo tumeziacha kwa makusudi zikae Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa ziwani na gorogoro, lile kopo la kupimia, inapanda bei. Miezi ya njaa hatuchangishani. Hata wasiojua kusoma wanaijua hesabu hii: mwezi kwa tatu.

Kwa watu karibu ishirini, kila wiki inaingia zaidi ya elfu mbili, kwa hiyo baada ya wiki moja au mbili kuna mtu wa kulipiwa. Nani kwanza? Hatukupiga kura wala kuandika majina kwenye vikaratasi. Wajawazito mbele, wafuate wenye presha na sukari, wafuate wenye watoto wadogo, wazima wa afya mwishoni (nami nilikuwa huko mwishoni, mweka hazina akijilipia mapema chama kinakufa). Hili linawezekana kwa sababu bima inaanza kufanya kazi ukishalipa. Na tuna sheria ya kuruka foleni: aliye nyuma akiugua, anapanda mbele, aliyekuwa wa zamu anasubiri. Ili sheria hiyo iwe na maana, sanduku halishuki chini ya malipo ya mtu mmoja. Faida ambayo hatukuipanga ni kwamba tarehe za kuhuisha zimesambaa mwaka mzima, hakuna mwezi ambao wote tunadaiwa kwa pamoja.

Anayelipiwa mapema akaacha kutoa je? Mzunguko wake wa kawaida unashikwa mpaka amalize. Mpaka sasa kitisho kimetosha.

Mwanzoni nilikuwa namtumia mwanachama pesa kwenye simu yake alipe mwenyewe mbele ya kikao. Wazo zuri, ila mmoja wao alikuwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaojikata pesa ikiingia. Nilituma 3,600 wote tunatazama, ujumbe ukaingia, na kabla hajagusa kitufe salio lilikuwa limeshajilipa deni, limebaki la kununua sukari na majani. Hakuwa ameiba, hakuwa amekosea, pesa ilipita tu kama maji kwenye tenga. Tangu hapo nalipa kutoka laini ya chama, namba ya kitambulisho cha mwanachama ndiyo akaunti. Naisoma kwa sauti tarakimu moja moja, mwenyewe akiwa ameshika kitambulisho, halafu tunapiga *147# kuthibitisha imeingia kabla ya kufunga kikao. Serikali ina Lipa SHA Pole Pole kwa wanaotaka kulipa kidogo kidogo. Asiye na chama aiangalie hiyo, sisi tuliona tayari tuna daftari na tunajuana makwao.

Usilipe ukidhani umenunua kila kitu. Kisumu tuna mazoea yetu: tulikuwa miongoni mwa kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote, pamoja na Nyeri, Isiolo na Machakos, yaliyozinduliwa hapa hapa Desemba 2018, na wapo ambao bado wanasubiri ile bure irudi. Bure iliyopo ni ya zahanati na kituo cha afya: matibabu ya kwenda na kurudi hapo hayahitaji uwe umelipa, yanahitaji uwe umesajiliwa. Malaria ya mtoto ianzie hapo, usikimbilie Russia, yaani hospitali kubwa ya rufaa ya Jaramogi. Ile 3,600 ni ya kulazwa, kujifungua, upasuaji na mengine mazito. Kujifungua kwa kawaida SHA inalipa hospitali 10,000, kwa upasuaji 30,000, kusafisha figo 10,650 kwa kila kikao. Hospitali ya binafsi ikitoza zaidi ya hapo, tofauti ni yako. Swali la kuuliza dirishani kabla ya kuvua viatu ni moja: "Juu ya SHA, mimi nitabaki na kulipa ngapi?" Wakisema watakuambia baadaye, uliza tena.

Wiki mbili kabla ya tarehe ya mtu kuisha ninaandika jina lake kwa kalamu nyekundu, naye anajua zamu imerudi kwake. Wale wenye bibi zao kijijini wasiojiweza tumewaelekeza kwa wahudumu wa afya ya jamii wa huko, kwa kuwa serikali ilianza mwaka 2025 kuwalipia baadhi ya wasio na uwezo, na wahudumu hao ndio wanaozijua nyumba.

Kuhusu laini ya chama, maana kila chama kinachokuja kutuuliza kinafika hapo: simu inakaa kwangu. Namba yake ya siri ina tarakimu nne. Mbili za mwanzo anazijua mwenyekiti, mbili za mwisho nazijua mimi, na kila mmoja anageuza uso mwenzake anapobonyeza.