Nilimsubiri nondo, wakatoka nyigu

Majani ya bamia zangu yalipoanza kujiviringa, jirani alisema ni viwavijeshi. Mwingine akasema ni ugonjwa, ng'oa yote uchome. Muuza pembejeo hakulitazama hata hilo jani nililombebea, alinishushia kichupa cha dawa, elfu kumi na kitu, akaniambia, "Piga asubuhi mzee, jioni utaokota maiti." Nikapiga. Jioni nikaokota nyuki wawili.

Wangelikunjua jani moja tu tusingefika huko. Bamia zangu, matuta manne nyuma ya nyumba hapa Morogoro, majani yalikuwa yamejiviringa mithili ya vikaratasi vya muuza karanga. Ndani kuna nyuzi nyeupe kama za buibui, mavi meusi kama chembe za chai, na kiwavi wa kijani mwenye kichwa cheusi, ngozi nyepesi mpaka unaona chakula kinavyopita tumboni. Ukimgusa anarudi kinyumenyume mbio. Kiwavijeshi namjua tangu alipotuingilia kwenye mahindi 2017, ana ile Y iliyopinduliwa usoni, huyu hana. Na dawa itamfikiaje wakati yuko ndani amejifungia mlango?

Nikaamua kumfuga nione atakuja kuwa nani. Mara ya kwanza nilifanya ujinga: chupa ya jamu, kifuniko nimekikaza, majani yamelowa. Siku ya tatu harufu, ukungu, viwavi wamekuwa uji. Mara ya pili nikatandika karatasi ya chooni inywe unyevu, jani jipya kila asubuhi, na mdomoni nikafunga kipande cha kanga. Nikamwambia mke wangu asiiguse, nasubiri nondo. "Baba Zai, kwani tunajenga?"

Wiki ikapita. Kiwavi mmoja akanywea, na pembeni yake vikatokea vitu vyeupe kama chenga za mchele. Nikashangilia: ametaga! Nikaita watu, nikapiga na picha. Mpangaji wetu anayesoma kilimo alicheka hadi akakaa chini. "Mzee, kiwavi hatagi. Huyo ni mtoto." Siku chache baadaye vile vifuko vikatoboka, wakatoka nyigu weusi, wadogo kuliko sisimizi. Mama yao alikuwa ametaga ndani ya kiwavi akiwa hai, watoto wakamla kwa ndani. Yaani walinzi wangu walikuwa wanafanya kazi bure, na mimi nikalipa elfu kumi na kitu kuwapulizia sumu.

Viwavi waliobaki wakajifunga humohumo kwenye jani, wakawa pupa wa kahawia, yaani ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo. Jina lenyewe kama kunisema, maana mwenye pupa nilikuwa mimi, nikichungulia kila nusu saa. Siku ya nane, alfajiri, nondo katulia kwenye kanga: mabawa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, yamechorwa mistari ya kahawia inayopinda kama mawimbi, upana wake akiyatandaza kama sentimita 3. Mpangaji akamtaja: Haritalodes derogata, vitabu vya zamani vinamwita Sylepta derogata, msumbufu wa pamba. Na bamia ni ukoo mmoja na pamba. Anataga upande wa chini wa jani, na viwavi wachanga hukaa hukohuko kwa makundi wakikwangua kabla hawajaanza kuviringa, kwa hiyo geuza majani, usitazame juu tu. Kutoka yai mpaka nondo ni kama mwezi hivi.

Siku hizi sipigi kitu. Nachuma majani yaliyojiviringa, natia kwenye ndoo, juu nafunga chandarua kuukuu. Nyigu anapenya kwenye tundu anarudi bustanini. Nondo anabaki anapigapiga mabawa mpaka afe. Iweke kivulini, mbali na kuku. Wangu waliipindua ya kwanza wakala kila kilichokuwemo, nyigu na nondo bila ubaguzi. Ndoo yenyewe ni ya kufulia, na mwenyewe anaidai mpaka leo.