Kumbukumbu ya danio: tumbo la mayai na tumbo la shibe

Jumapili usiku

Nimerudi kwenye tangi la danio wenye mistari, samaki wadogo wa kufugwa. Safari hii nataka nimtambue kwa macho jike aliye tayari kutaga, kabla sijamhamisha kwenye tangi la kutagia. Madume hawanisumbui: wembamba, tumbo limenyooka, na katikati ya mistari ya buluu wana udhahabu uliokolea. Majike wana weupe wa fedha, na wengi wao ni wanene. Unene wa nini sasa?

Jumatatu asubuhi, kabla ya chakula

Huu ndio wakati wa kukagua. Wakishakula, wote wanafanana. Samaki aliyevimbiwa hujaa mbele, chini ya kifua, na akipitisha usiku bila kula hunywea. Mwenye mayai hanywei. Yeye hujaa mpaka nyuma, karibu na tundu la kutagia, na ukimtazama kutoka juu ametanuka pande zote mbili sawasawa. Uvimbe wa upande mmoja unanitia shaka. Magamba yakisimama kama koni ya msonobari, hapo tena si habari ya uzazi: maji yamejaa mwilini, samaki ni mgonjwa, na anatengwa.

Waliobaki kwenye orodha yangu ni majike wawili. Mmoja ana pengo kwenye mkia, kwa hiyo jina lake limekuwa Pengo. Mwingine ni mkubwa kuliko wote, tumbo utadhani litapasuka. Moyoni nimeshampigia kura huyo mkubwa.

Katikati ya wiki

Nimeweka kizuizi cha plastiki angavu, madume huku, majike kule. Wakikaa pamoja danio hutaga kidogo kidogo alfajiri, kisha huyala mayai yao wenyewe kabla mwenye tangi hajaamka. Chakula ni viluwiluwi vya mbu na dafnia (viroboto vya maji), kidogo mara kadhaa kwa siku. Maji nyuzi 26.

Alhamisi jioni

Kizuizi kimegeuka kuwa kipimo kizuri kuliko tumbo. Madume wanapandisha na kushuka kando yake, mapezi wameyatandaza. Pengo anawafuata upande wake, akiondoka anarudi. Yule mkubwa amejibanza kwenye mimea, hana habari nao. Kura yangu inaanza kuyumba.

Ijumaa usiku

Matangi mawili madogo, maji ya kina kifupi, gololi zimefunika sakafu yote. Mayai ya danio hayanati. Yanazama na kuingia kati ya gololi, midomo isikofika. Kila jike nimempa madume wawili, ila nimewatenganisha kwa kizuizi hadi asubuhi. Taa iko kwenye saa ya kujiwasha: mwanga kwa muda wa saa 14, giza kwa saa 10, kama wanavyofanya kwenye maabara nyingi zinazofuga samaki hawa.

Jumamosi, taa zilipowaka

Nimetoa vizuizi. Kwa Pengo, madume walimbana ubavuni papo hapo, wakimgusagusa kwa pua karibu na tundu, wakimzunguka. Alitaga kwa mafungu, mwili ukitetemeka kila mara. Yule mkubwa alifukuzwa kidogo, akatafuta kona, basi. Hakuna yai hata moja, na tumbo liko vilevile.

Wazazi wote nimewaondoa mapema. Mayai ni madogo, upana wa milimita moja hivi, na yaliyorutubishwa ni angavu kama maji. Yaliyogeuka meupe nimeyanyonya kwa bomba, maana ukungu huanzia hapo.

Jumatatu

Macho yanaonekana ndani ya mayai, na vijusi vinajipindua. Wa kwanza wameanza kutoka. Watakaa wameganda kwenye kioo wakiishi kwa kiini, kwa hiyo chakula cha unga laini kinasubiri mpaka waogelee wenyewe.

Yule mkubwa namrudisha nyuma ya kizuizi, jirani na madume wengine, wiki hii. Jike akikaa na mayai muda mrefu bila kutaga, yanaweza kumgandia ndani. Nitamjaribu upya akianza kukisogelea kizuizi, si kabla. Tangi la koridorasi, kambare wadogo wa kufugwa, nalo limeanza kunitamanisha. Hao huamshwa kwa kubadilishiwa maji yaliyopoa kidogo, kama vile mvua imenyesha, na majike wao ukiwatazama kutoka juu hujieleza wenyewe.