Kompaila yangu ya biti 8: kutenganisha aina na modi

Hali ya mradi

Kwa wanaofuatilia toka mwanzo: kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa amri za chipu, sasa inaichukua programu nzima ya kifaa cha kihambani, kutoka lugha yangu ndogo hadi asembli (amri za chipu kwa maandishi) ya ATmega328P, chipu ndogo ya biti 8, na chipu inaiendesha. Kifaa kipo Kibosho, juu ya Moshi mjini, chini ya migomba ya babu. Kinapima joto la hewa na mwanga unaopenya hadi kwenye kahawa. Babu anataka kujua kivuli kimezidi wapi ili apunguze matawi, na mimi nataka jibu hilo litoke kwenye msimbo ambao kila amri yake naweza kuieleza.

Kazi ya kipindi hiki ilikuwa moja tu: jinsi kompaila inavyobeba ukubwa na umbo la namba ndani yake, kuanzia inaposoma programu hadi inapoandika amri za chipu. Nimeipa muda mwingi kwa makusudi. Naamini hapa ndipo kompaila inapoamua kama itasomeka au itageuka rundo la viraka.

Chipu yenyewe haikupi nafasi ya kuzembea. Ina rejista 32 (vijisanduku vya kushikia namba wakati wa hesabu), kila moja baiti moja, yaani biti 8. Flashi, ya kuhifadhi programu, ni kilobaiti 32; SRAM, ya kazi za muda, kilobaiti 2; EEPROM, inayotunza data hata umeme ukikatika, kilobaiti 1. Haina amri ya kugawanya na haina mashine ya namba za desimali. Chochote kinachozidi baiti moja ni kazi ya kompaila kukiunga kutoka vipande.

Modi

Nilianza kwa kusoma jinsi GCC inavyofanya. Kompaila hiyo ilitolewa na Richard Stallman mwaka 1987, na ndani yake kila thamani inatembea na kitu kinachoitwa modi ya mashine. QI ni namba kamili ya baiti 1, HI ya baiti 2, SI ya baiti 4, DI ya 8, TI ya 16. Upande wa desimali kuna SF ya baiti 4 na DF ya baiti 8, halafu XF, ile ya biti 80 iliyokuja na Intel 8087. Kuna modi za vekta, mfano V4SI, yaani SI nne kwa pamoja. Kuna CC kwa ajili ya matokeo ya kulinganisha. Kuna BLK kwa rundo la baiti lisiloingia kwenye modi nyingine yoyote, na VOID kwa kisicho na modi.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba majina haya hayafuati majina ya lugha ya C. Kwenye kompyuta ya kawaida ya Linux, int ya C, aina yake ya kawaida ya namba kamili, ni SI. Kwenye AVR, familia ya chipu yangu, int ni HI, kwa sababu C inadai int iwe na biti 16 au zaidi, basi. Ukiona SI ndani ya GCC unajua ni baiti 4, iwe chipu ni ya biti 8 au 64. Ukiona int, hujajua kitu mpaka uulize ni mashine gani.

Modi ni kama debe: linakwambia ujazo, halikwambii kama ndani kuna mahindi au maharage. Kwa hiyo nimeitenganisha kabisa na aina. Kwenye lugha yangu mwandishi anatangaza joto, mwanga, saa, betri, sahihisho. Hizo ni aina, na zinabeba maana: joto linaweza kuwa hasi, mwanga hauwezi, na joto haliwezi kujumlishwa na mwanga. Kompaila ikishamaliza kukagua maana hizo, kila aina inageuzwa kuwa modi na haitajwi tena. Modi zangu ni chache: N1, N2 na N4 kwa namba kamili, F4 kwa desimali, L kwa matokeo ya kulinganisha, na R kwa rundo. Kila moja ina jina, idadi ya baiti na tabaka. Faili lake linaingia kwenye ukurasa mmoja wa skrini, na hilo linanifurahisha kuliko kitu chochote nilichoandika kwenye mradi huu.

Alama ya hasi inakaa wapi?

Hapa nilikaa sana. Kwenye GCC, SI haisemi kama namba ina alama au haina. LLVM, mradi mwingine wa kujengea kompaila, nayo iko hivyo: i16 ni biti 16 tu. Alama haipo kwenye thamani, ipo kwenye tendo. LLVM ina sdiv na udiv (kugawanya kwa alama na bila alama), ashr na lshr (kusogeza biti kulia, vilevile), lakini ina add (kujumlisha) moja.

Ukiangalia chipu unaona sababu. Kwa namba hasi zinazoandikwa kwa kijalizo cha mbili (njia ya kawaida, ambapo biti ya juu kabisa ndiyo alama), biti zinazotoka kwenye kujumlisha ni zilezile, uwe unazisoma kama zenye alama au zisizo nayo. Kujumlisha N2 kwenye AVR ni ADD kwa baiti ya chini na ADC kwa ya juu, ambayo inachukua na kile kilichobebwa. Habari inaisha hapo. Tofauti inajitokeza kwenye matendo machache tu. Ukilinganisha, BRLT inaheshimu alama na BRLO haiijui. Ukisogeza biti kulia, ASR inaiacha biti ya alama mahali pake na LSR inaingiza sifuri. Ukizidisha, kuna MULS na MUL. Na ukipanua namba ndogo iwe kubwa, lazima ujue utajaza nini juu.

Kwa hiyo kwenye kompaila yangu aina ndiyo inayochagua tendo, tendo linabeba alama, na modi inabaki kuwa ukubwa na umbo peke yake.

Kupanua ndiko kulikonipa furaha. Kila kihisi cha joto kina sahihisho lake dogo, baiti moja yenye alama, kwa vipimo vya moja ya kumi na sita ya digrii. Sahihisho la -5 linakaa kama 0xFB kwa heksadesimali. Ili lijumlishwe na joto la N2 lazima liwe baiti mbili. Ukijaza sifuri juu, chipu itaona 251, na utakuwa umeongeza zaidi ya digrii 15 badala ya kupunguza karibu theluthi ya digrii. AVR haina amri moja ya kupanua kwa alama, lakini ina njia hii, ambayo hata GCC inaitumia:

mov r0, r24
lsl r0
sbc r25, r25

Mstari wa kwanza unanakili baiti ya chini. Wa pili unaisogeza kushoto ili biti ya alama idondokee kwenye bendera ya kubeba (biti inayoshika kilichobebwa). Wa tatu unatoa r25 kwenye r25 pamoja na kile kilichobebwa. Thamani iliyokuwemo haina umuhimu, kwa sababu kitu ukikitoa kwenye chenyewe kinabaki sifuri, na ukitoa moja zaidi unapata 0xFF. Baiti ya juu inajaa alama bila kuruka popote kwenye programu.

Namba zilizoandikwa moja kwa moja

Namba kama 4 ndani ya programu haina ukubwa wake yenyewe. Inaweza kutumika na N1, N2 au N4. GCC inaandika (plus:HI (reg:HI 44) (const_int 4)), yaani rejista 44 kuongeza 4 kwa HI, na hiyo const_int haina modi. Modi inatoka kwa tendo linaloizunguka. Ina kanuni moja kali: thamani ihifadhiwe ikiwa imepanuliwa kwa alama. Ndani ya QI, 255 na -1 ni biti zilezile, kwa hiyo zote zinaandikwa -1. Nimeichukua kanuni hiyo kama ilivyo. Bila hiyo, sehemu ya kompaila inayotafuta mahesabu yanayofanana itadhani 255 na -1 ni vitu viwili, na itazalisha msimbo mara mbili.

Mwanga una biti 10

Kipimo cha mwanga kinatoka kwenye ADC ya chipu (si ile amri ya ADC, bali sehemu inayogeuza volti kuwa namba), ambayo inatoa namba ya biti 10, kuanzia 0 hadi 1023. Hakuna modi ya biti 10. LLVM inakuruhusu kuandika i10, kisha baadaye inaigeuza kuwa ukubwa ambao chipu inaujua. Mimi nimeipa mwanga modi ya N2 moja kwa moja, ila aina inaendelea kukumbuka kwamba biti zinazotumika ni 10.

Kumbukumbu hiyo imelipa haraka. Kivuli cha migomba kinacheza na upepo, hivyo nachukua vipimo 64 mfululizo na kupata wastani. Jumla kubwa kabisa ni 1023 mara 64, yaani 65472, na N2 isiyo na alama inafika 65535. Kompaila inahesabu biti 10 kuongeza 6 ni 16, inaona jumla inatosha, na haigusi N4. Kila kujumlisha kunakuwa amri mbili badala ya nne. Vipimo 65 vingezidi, na hapo kompaila inasimama na kumwambia mwandishi atangaze jumla kuwa kubwa zaidi.

Kuvunja mapema au kuchelewa

Swali lililobaki wazi muda mrefu: N4 ivunjwe lini kuwa baiti nne? Ukivunja mapema, kila baiti inapata rejista yake kivyake, na baiti isiyotumika inaachwa bila gharama. GCC ina swichi ya kazi hiyo, -fsplit-wide-types, kwa thamani zinazokalia rejista zaidi ya moja. Ukichelewa, kompaila inaendelea kuiona namba nzima na inaweza kuihesabu kabla chipu haijaguswa. Nimechagua kuchelewa. Programu zangu zina namba nyingi zinazojulikana tangu mwanzo, na hapo ndipo faida ilipo kwangu. Isipokuwa kupunguza ukubwa: ukichukua N1 kutoka N4, navunja papo hapo, kwa sababu ni kuchukua baiti ya chini tu.

Rekodi ya baiti 9

Rekodi moja ina saa (baiti 4), joto (2), mwanga (2) na betri (1). Jumla 9. Hakuna modi ya baiti 9, kwa hiyo rekodi ni R na inanakiliwa baiti kwa baiti. AVR haidai namba ianze kwenye anwani maalumu, hivyo hakuna baiti za kujazia. Kwenye chipu ya ARM ya biti 32, kwa mpangilio wa kawaida wa C, rekodi hiyohiyo ingekuwa baiti 12.

EEPROM ina baiti 1024. Kwa baiti 9 zinaingia rekodi 113. Kwa 12 zingeingia 85. Tofauti hii ina kazi maalumu. Binamu yangu ni mwongozaji wa watalii, na amekubali kubeba kifaa cha pili kwenye njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro: kambi za Mandara, Horombo na Kibo, kileleni, kisha kushuka. Ni safari ya siku tano. Kwa kipimo kimoja kila saa, rekodi 113 ni siku nne na saa 17. Kifaa kikiwashwa getini saa nne asubuhi kitaandika hadi usiku baada ya kurudi. Rekodi 85 zingejaa siku ya nne usiku, na asubuhi ya kushuka kutoka Horombo isingeandikwa.

Jaribio la friza

Moshi mjini hakuna barafu, lakini kambi ya Kibo, takriban mita 4,700, usiku joto linashuka chini ya sifuri. Lazima hasi zijaribiwe kabla ya safari. Mama mwenye duka jirani anauza ubuyu wa barafu, na friza lake ni zuri.

"Shikamoo mama. Naomba kuweka huu waya humu hadi jioni."

"Marahaba. Weka pembeni tu, mfuniko ufunge vizuri."

Kihisi ni DS18B20. Kinatuma baiti ya chini kwanza, namba ya biti 16 yenye alama, kila hatua ikiwa moja ya kumi na sita ya digrii. Kilipotulia kilituma E3 kisha FE, yaani 0xFEE3. Ukiisoma bila alama ni 65251, na ukigawa kwa 16 unapata zaidi ya digrii 4078. Ikisomwa kwa alama ni -285, yaani -17.8125.

Kuonyesha digrii nzima kuna mtego wake. ASR mara nne kwenye -285 inatoa -18, kwa sababu kusogeza kunashuka kuelekea chini. Kugawanya kwa 16 kwa kanuni ya C kunatoa -17, kwa sababu C inakata kuelekea sifuri. Ndiyo maana kompaila za C huongeza 15 kwanza kama namba ni hasi, kisha husogeza. Mimi sikutaka lolote kati ya hayo mawili. Kwa aina ya joto, kompaila inaongeza 8 kisha inasogeza kwa ASR, na unapata digrii iliyo karibu zaidi juu na chini ya sifuri. Skrini ilionyesha -18, na rekodi kwenye EEPROM ina -285 kamili.

Kinachofuata

F4 ipo kwenye jedwali lakini haina msimbo. Umbo lake naandika kwa IEEE 754, kanuni ya kimataifa ya namba za desimali: biti 1 ya alama, 8 za kipeo, 23 za sehemu. Kwa kuwa chipu haina mashine ya desimali, kila tendo litakuwa mwito wa programu ndogo, na joto la kumi na sita za digrii halilihitaji. Nitaanza na kulinganisha tu. Modi za vekta siziongezi. Chipu hii haina kazi nazo.

Kifaa cha pili kinapata betri mpya na boksi lisilopitisha maji wiki hii, na binamu anapandisha kundi lake Jumatatu. Rekodi zikirudi nitaziweka hapa zote, pamoja na asembli iliyoziandika.