Kutiki majina 600 bila kuumiza kidole

Tabora, Jumapili jioni

Kutiki visanduku ni kazi inayodharauliwa mpaka orodha iwe ndefu. Chukua orodha ya wafugaji nyuki 600 wa mkoa huu kwenye ukurasa wa wavuti, wa Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui wamechanganyika, nawe unawataka wa Sikonge tu. Kuchoka kwa kidole si neno. Macho yakichoka yanaruka mistari, na hakuna atakayejua ni ipi.

Kwenye kompyuta, bonyeza F12, kisha uchague Console, yaani konsoli, mahali pa kuandikia ukurasa amri. Chrome inaweza kukataa usibandike msimbo (code) mpaka uandike kwa mkono maneno inayokuonyesha. Ina haki: matapeli huwabembeleza watu wabandike wasichokijua. Mimi hushikilia jambo moja, kuhesabu kabla ya kutiki:

var v = [...document.querySelectorAll('tbody input[type="checkbox"]:not(:checked):not(:disabled)')].filter(k => k.closest('tr').cells[3].textContent.trim() === 'Sikonge'); v.length

Namba ikikuridhisha, ndipo:

v.forEach(k => k.click())

Hesabu ya safu inaanzia 0, kwa hiyo cells[3] ni safu ya nne. Badilisha kulingana na jedwali lako. Usikubali uvivu wa kutafuta neno kwenye mstari mzima. Ukitafuta "Tabora" kwa mtindo huo utazoa wote 600, maana kila mstari una jina la mkoa. Na :not(:checked) isiachwe, kwa sababu click hugeuza: kilichokwisha tikiwa kitatolewa tiki.

Wengi huandika checked = true badala ya click(). Tiki zinaonekana, unafurahi, kumbe ukurasa haujapata habari. Kurasa zilizojengwa kwa React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, husubiri tukio la kubofya; usipolitoa, kihesabio cha juu kinabaki 0 na ukihifadhi hakiendi kitu.

Jibu likiwa 0 tangu mwanzo, mara nyingi visanduku si visanduku. Ni div, yaani vipande vya kawaida vya ukurasa, zilizopambwa zifanane na visanduku, na huwa unazipata kwa [role="checkbox"]. Au orodha imo ndani ya iframe, yaani ukurasa uliowekwa ndani ya ukurasa mwingine. Hapo badilisha "top" iliyo juu ya konsoli, uchague fremu yenyewe.

Kinachosumbua zaidi ni orodha zinazobeba mistari inayoonekana tu. Majina ni 600 lakini kwenye ukurasa ipo mistari 30 hivi, na ukishuka, ya juu inafutwa. Skripti haiwezi kutiki kisichokuwepo. Shuka kipande kwa kipande ukirudia amri zote mbili, au tafuta kama kuna mpangilio wa kuonyesha wote. Zilizogawanywa kurasa ni afadhali, ila thibitisha kwamba tiki za ukurasa wa kwanza bado zipo ukirudi kutoka wa pili.

Kama kila tiki inatuma ombi kwa seva, kubofya 150 kwa mpigo kunaweza kukuletea kosa la 429, yaani umeomba kupita kiasi. Weka nafasi:

v.forEach((k, i) => setTimeout(() => k.click(), i * 400))

Hizo 150 zitachukua dakika moja hivi. Acha tabo hiyo mbele, kwa sababu kivinjari hupunguza kasi ya tabo iliyofichwa.

Ukishahifadhi, pakia ukurasa upya na uhesabu zenye :checked. Zikipungua, fungua sehemu ya Network iliyo kando ya konsoli, rudia zilizobaki, uangalie ombi lipi linarudi na rangi nyekundu.